Gari Likikurudishia Usukani

Usiku wa tarehe 29 Machi 2025, wasichana watatu, wote wanachuo, walikuwa ndani ya gari la umeme aina ya Xiaomi SU7 katika mkoa wa Anhui, nchini China. Walikuwa safarini kwenda kufanya mtihani wa kuomba ajira. Ilikuwa saa nne na dakika 44 usiku, kwenye barabara ya mwendo kasi. Mfumo wa kumsaidia dereva ulikuwa umewashwa, na gari lilikuwa linakwenda kilomita 116 kwa saa.

Mbele yao kipande cha barabara kilikuwa kwenye matengenezo. Njia ilikuwa imefungwa, na magari yalielekezwa kupita upande wa pili. Mfumo ukatoa onyo kwamba kuna kizuizi, ukaanza kupunguza mwendo. Sekunde moja hivi baadaye dereva akashika usukani na kukanyaga breki. Kati ya sekunde 2 na 4 baada ya onyo, gari likagonga ukingo wa zege likiwa na mwendo wa kilomita 97 hivi kwa saa, kisha likashika moto. Wote watatu wakafariki.

Hayo si maneno ya mtaani. Mtengenezaji mwenyewe ndiye aliyeyatoa siku chache baadaye, kutoka kwenye kumbukumbu za gari.

Mwanachuo mwenzangu, nimeanza na wenzetu hawa kwa sababu safari yao tunaijua. Unafunga begi, unabeba vyeti, unapanda gari usiku ili asubuhi uwahi usaili. Kuna swali lililobaki pale barabarani, na linatuhusu watu wa fani zote, kuanzia uhandisi na sheria hadi saikolojia na takwimu: katika sekunde zile chache, nani alikuwa anaendesha?

Hoja yangu ni moja tu. Mifumo hii haimwondolei dereva kazi, bali inambadilishia. Inamtoa kwenye kazi ya kuendesha na kumpa kazi ya ulinzi, na ulinzi ndio kazi ambayo binadamu tunaiweza vibaya kuliko zote. Tuipitie hatua kwa hatua.

Hesabu ya sekunde chache

Chukua kalamu. Kilomita 116 kwa saa ni sawa na mita 32 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo kila ukisema "moja", gari limeshapita urefu wa darasa kubwa la mihadhara.

Dereva aliye macho, anayetazama mbele, tumkadirie sekunde moja na nusu tangu aone hatari mpaka mguu ukanyage breki. Hapo gari limeshakwenda mita 48. Breki zikishika vizuri kwenye lami kavu, tuseme zinapunguza mwendo kwa mita 7 kwa sekunde kila sekunde, fomula ya kidato cha tano inatupa mita 74 nyingine mpaka gari lisimame. Jumla ni mita 122.

Sasa rudi Anhui. Kama onyo lilitangulia kwa sekunde 2, mbele kulikuwa na mita 64 tu. Kama ni sekunde 3, mita 97. Hata tukienda hadi sekunde 4, ni mita 129, nazo zinamtosha kwa kubanabana mtu ambaye mguu wake ulikuwa tayari na akili yake ipo barabarani. Mtu aliyekuwa ameachia usukani kwanza anapaswa kuelewa mlio ule ni wa nini, ainue macho, atafute kizuizi kiko wapi, ndipo aamue. Hayo yote yanakula sekunde zilezile.

Na usidanganyike kwamba kushuka kutoka 116 hadi 97 ni nafuu kubwa. Nishati ya mwendo inafuata mraba wa kasi. Gari lililoshuka hadi 97 bado limebeba takribani asilimia 70 ya nishati ya mwanzo.

Ngazi sita, na ile ya pili yenye mtego

Chama cha wahandisi wa magari, SAE, kimepanga uendeshaji wa mashine katika ngazi sita, kuanzia 0 hadi 5. Ngazi ya 0 dereva anafanya kila kitu, ingawa gari linaweza kumpigia mlio wa tahadhari. Ngazi ya 1 gari linasaidia jambo moja, ama mwendo ama usukani. Ngazi ya 2 linasaidia yote mawili kwa pamoja, lakini dereva anatakiwa kuangalia barabara muda wote. Ngazi ya 3 gari linaangalia lenyewe katika mazingira maalumu na kumwita dereva linapokwama. Ngazi ya 4 halihitaji dereva ndani ya eneo lililopangwa, kama zile teksi za Waymo zinazozunguka Phoenix na San Francisco bila mtu kwenye usukani. Ngazi ya 5 ni gari linalokwenda popote lenyewe, na hilo bado halijauzwa kwa mtu yeyote.

Karibu kila gari la umeme linalotangazwa kwamba "linajiendesha" na kuuzwa kwa mtu wa kawaida liko ngazi ya 2. Yule wa Anhui alikuwa ngazi ya 2. Autopilot ya Tesla ni ngazi ya 2.

Mtego uko hapa. Ukiwa umekaa ndani, ngazi ya 2 na ya 3 zinafanana kama mapacha. Usukani unazunguka wenyewe, gari linafuata la mbele, linasimama, linaondoka. Tofauti haiko machoni, iko kwenye maandishi. Ngazi ya 2 ikikosea, mwenye makosa ni wewe.

Mtu anaweza kuuliza: kwani mambo haya ni ya magari ya umeme peke yake? Hapana, ya petroli nayo yanayo. Ila magari ya umeme yamekuja na tabia mbili zinazoongeza uzito. Kwanza yana nguvu ya kuchomoka papo hapo. Pili, mengi yanapokea programu mpya kupitia intaneti usiku yakiwa yameegeshwa. Gari ulilolifunga jana na gari unaloliwasha leo linaweza kuwa na tabia tofauti, na wewe hujasoma kilichobadilika. Nani kati yetu anasoma yale maelezo ya simu kabla ya kubonyeza "kubali"?

Kwa nini mashine haioni kitu kilicho wazi?

Tarehe 7 Mei 2016, karibu na mji wa Williston katika jimbo la Florida, Tesla Model S ilipita chini ya tela la lori lililokuwa linakata barabara. Kulikuwa mchana kweupe. Gari halikufunga breki wala dereva hakufunga, naye akafa. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, NTSB, ilieleza kwamba mfumo ule haukutengenezwa kutambua gari linalokatisha mbele. Dereva naye aliutegemea kupita kiasi: katika dakika 37 ambazo mfumo ulikuwa unafanya kazi, mikono yake iligundulika kwenye usukani kwa sekunde 25 tu.

Machi 2019, jimbo lilelile la Florida, mji wa Delray Beach, ajali ya namna ileile ikajirudia. Tela limekatisha, gari limepita chini, dereva amekufa. Mfumo ulikuwa umewashwa sekunde 10 tu kabla ya kugonga.

Unajiuliza, tela zima? Kitu kikubwa kama nyumba?

Jibu lipo kwenye somo la takwimu ambalo wengi wetu tulilipita kwa kukariri. Ukipima dhana unaweza kukosea kwa njia mbili: kukubali kitu kisichokuwepo, au kukataa kitu kilichopo. Barabara imejaa vitu vilivyosimama, kama vibao, madaraja, nguzo na kingo. Rada ikipokea mwangwi wa kila kimoja na gari likifunga breki kila mara, halitafika popote, na la nyuma litakugonga. Kwa hiyo wahandisi wanauambia mfumo upuuze ishara nyingi za vitu visivyotembea. Kamera nazo zinajifunza kwa mifano, na umbo ambalo halikuwepo kwa wingi kwenye mifano, au ubavu mweupe wa tela mbele ya anga angavu, linaweza kupita kama vile hakuna kitu.

Ukilegeza kichujio ili uone kila kitu, unaingia kwenye kosa la upande mwingine: gari linafunga breki kwa kivuli. Februari 2022, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilifungua uchunguzi juu ya magari takribani 416,000 ya Tesla Model 3 na Model Y, baada ya kupokea malalamiko 354 ndani ya miezi tisa. Wenye magari walisema gari linafunga breki ghafla kwenye barabara kuu bila kitu chochote mbele. Fikiria uko mwendo wa 110, nyuma yako kuna lori limepakia, gari lako linashtuka.

Kwa vifaa vilevile, huwezi kupunguza makosa yote mawili kwa kusogeza kichujio. Ukipunguza hili unaongeza lile. Njia ya kweli ni kuongeza ubora wa taarifa zenyewe: vihisi bora na vya aina tofauti, ramani sahihi, majaribio zaidi. Vyote hivyo ni pesa.

Mlinzi wa getini

Basi watengenezaji wanasema: tunajua mfumo una mapungufu, ndiyo maana dereva yupo. Dereva atauangalia.

Hapo ndipo ninapobisha. Mfikirie mlinzi wa getini. Mtaa ambao kila wiki kuna wizi, mlinzi halali. Mtaa ambao miaka mitano hapajapita hata kibaka, mlinzi anatafuta kipande cha boksi na kujilaza. Mlinzi wa pili si mzembe kuliko wa kwanza, usalama wenyewe ndio uliomlaza.

Wanasaikolojia waliliona hili zamani. Miaka ya 1940 Norman Mackworth alichunguza waangalizi wa rada wa jeshi la anga la Uingereza. Aliwakalisha watu mbele ya mshale unaosogea hatua moja kila sekunde, kama saa ya ukutani. Mara chache mshale uliruka hatua mbili, na kazi yao ilikuwa kugundua tu ule mruko. Ndani ya nusu saa uwezo wao wa kuugundua ulikuwa umeshashuka. Hawakuwa wajinga wala wavivu. Ubongo haukuumbwa kusubiri kitu kisichotokea.

Mwaka 1983 Lisanne Bainbridge akaandika makala fupi ambayo wahandisi wanaisoma mpaka leo, kuhusu kinyume kilichomo ndani ya mitambo inayojiendesha. Kwa maneno yangu: mbunifu anamwondoa binadamu kwa sababu binadamu anakosea, kisha anamwachia kazi zile ambazo mashine imeshindwa, yaani ngumu zaidi. Na kwa kuwa kazi nyepesi zimechukuliwa, binadamu huyohuyo anapoteza mazoezi.

Kwa hiyo mfumo unaokosea kila baada ya dakika tano una afadhali kwa namna fulani, maana hutauamini. Mfumo unaofanya vizuri siku 300 mfululizo ndio unaokulaza.

Ajali ya Mountain View, California, tarehe 23 Machi 2018, inaonyesha hivyo kwa namna ya kuumiza. Mwenye gari alikuwa mhandisi. Uchunguzi wa NTSB uligundua kwamba alikuwa ameshawaambia watu wake wa karibu kuwa gari lake, Tesla Model X, linavuta kuelekea ukingo pale barabara inapogawanyika. Sehemu aliijua. Siku hiyo mfumo uliingiza gari palepale, mwendo ukapanda kutoka kilomita 100 hivi hadi 114 kwa saa katika sekunde 3 za mwisho, na mikono yake haikugundulika kwenye usukani kwa sekunde 6. Kulikuwa na mchezo umefunguliwa kwenye simu yake. Kifaa cha kupunguza nguvu ya mgongano kilichokuwa kwenye ukingo ule nacho kilikuwa kimeharibika katika ajali ya awali, na hakikuwa kimebadilishwa.

Ni rahisi kusema "kajitakia". Lakini soma tena. Alijua, alilalamika, na bado mazoea yalimshinda.

Lawama ni ya nani?

Kisheria, kwa ngazi ya 2, dereva ndiye mwendeshaji. Lakini sheria imeanza kusogea.

Desemba 2023, baada ya uchunguzi wa zaidi ya miaka miwili, Tesla iliita magari zaidi ya milioni 2 nchini Marekani kwa marekebisho, kwa kuwa NHTSA iliona njia za kuhakikisha dereva yuko makini huenda hazitoshi. Marekebisho yalitumwa kama programu kupitia intaneti. Aprili 2024 mamlaka hiyohiyo ikafungua uchunguzi mwingine kuangalia kama marekebisho yenyewe yanatosha.

Agosti 2025, baraza la wazee wa mahakama huko Miami lilitoa uamuzi kuhusu ajali ya mwaka 2019 huko Key Largo. Dereva aliangusha simu, akainama kuiokota huku mguu ukiwa kwenye kichapuzi, na gari likapita makutano ya barabara. Likamuua msichana wa miaka 22 aliyekuwa amesimama pembeni ya gari lililoegeshwa, na kumjeruhi vibaya mwenzake. Baraza likagawa lawama: asilimia 67 kwa dereva, asilimia 33 kwa Tesla, na kampuni ikatakiwa kulipa takribani dola milioni 243, nyingi zikiwa za adhabu. Kampuni ilisema haikubaliani na itakata rufaa.

Mimi ule mgawo naona una mantiki, hata kama mahakama za juu zitauangalia vingine. Dereva aliinama, hilo halifutiki. Ila aliinama kwa sababu gani? Kwa sababu aliuziwa jina linaloashiria kwamba akiinama, kuna anayeangalia. Na angalia nani alilipa kwa uhai wake: hakuwa mwenye gari, hakubonyeza "kubali" mahali popote, alikuwa amesimama tu kando ya barabara.

China nayo ilishtuka baada ya ajali ya Anhui. Aprili 2025 wizara ya viwanda iliwakutanisha watengenezaji na kuwazuia kutumia maneno kama "kujiendesha" katika kutangaza mifumo ya ngazi ya 2. Septemba mwaka huo Xiaomi ikaita magari zaidi ya 110,000 ya SU7 kurekebishwa programu ya kumsaidia dereva kwenye barabara za mwendo kasi. Hivyo jina pia ni sehemu ya mtambo. Ukiita kitu "msaidizi", mtu anabaki macho. Ukikiita "rubani", mtu anakuwa abiria.

Na sisi huku?

Usiseme hayo ni ya Wamarekani na Wachina. Magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yameshatumika, na yale ya miaka ya karibuni yanakuja na kamera nyuma ya kioo cha mbele. Nissan Leaf ya umeme ya toleo la pili, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2017, ina mfumo wa kufuata mstari na gari la mbele.

Likizo iliyopita nilipanda gari la kukodi lililokuwa linaongea Kijapani kila tukikaribia gari jingine. Nikamuuliza dereva, "Kaka, linasemaje?" Akacheka: "Huyo muache aongee, ndivyo alivyo." Kioo cha mbele kilikuwa kimebadilishwa. Hakujua kwamba kamera iliyoshikizwa pale ikiondolewa na kurudishwa inatakiwa kupimwa upya, la sivyo inaweza kuisoma barabara kwa pembe isiyo sahihi. Sikumlaumu. Kitabu cha gari kilikuwa kwenye droo, kwa Kijapani chote.

Ukiongeza mistari iliyofutika, bodaboda inayochomekea, mkokoteni usiku bila taa, unapata mazingira ambayo mfumo ule haukufundishwa. Kwa hiyo, iwe gari la mjomba au la kwako siku utakapoajiriwa, shika haya:

1. Uliza mfumo uko ngazi gani. Ukiambiwa ya 2, wewe ndiye dereva, mikono kwenye usukani.
2. Usiuwashe kwenye matengenezo ya barabara, mvua kubwa, vumbi, au mahali pasipo na mistari.
3. Kioo cha mbele kikibadilishwa, uliza kama kamera imepimwa upya.
4. Gari likikushtua mara mbili sehemu moja, usisubiri ya tatu. Zima mfumo, andika mahali na saa, peleka taarifa.
5. Kama milango inafunguka kwa umeme, tafuta leo ilipo komeo ya mkono, na uwaonyeshe abiria wako. Umeme ukikatika baada ya ajali, hutakuwa na muda wa kusoma kitabu.

Maswali ya kujadili vimbwetani

Kwa wa sheria: kama gari limebadilishiwa programu usiku na likaua asubuhi, dereva alikubali nini hasa? Kwa wa uhandisi: ungesogeza kichujio upande gani, wa breki za bure au wa kupita bila breki, na ungemweleza vipi mteja uamuzi wako? Kwa wa saikolojia: kuna namna ya kumfanya mlinzi abaki macho katika mtaa usio na wezi? Kwa wa biashara na masoko: jina zuri linalouza likiua mtu, ni kosa la nani?

Baadhi yetu ndio tutakaoandika programu hizi, kutunga kanuni zake au kuzitangaza redioni. Siku hiyo ikifika, kumbuka kwamba kuna mtu anasafiri usiku na vyeti vyake begani, na kwamba kwa mwendo wa 116, sekunde mbili ni mita 64.